Mji wa Kabla Hajaugua

Fundi cherehani alikuwa na mji ndani ya kompyuta. Mumewe aliuanza akiwa mzima, na alipoacha kazi kwa maradhi wakaujenga pamoja: huyu anachora barabara, yule anapanga nyumba, wakizozana mto upite wapi utadhani wana kiwanja kweli. Gemu lenyewe mume alilipakua zima na kuliweka kwenye diski ya nje. Halikuhitaji intaneti wala ruhusa ya mtu.

Baada ya msiba wa mumewe, mjane alicheza kila alipopumzika kushona. Huko ndiko shemeji yake alikomkuta. Huyu mdogo wa marehemu ukoo mzima ulimwita Fasta, maana hata chai aliimaliza kabla haijapoa.

"Shemeji, bado uko huko? Kampuni ya hili gemu ina programu yake ya kufungulia magemu. Inajisasisha yenyewe."

"Ni lazima?"

"Si lazima. Ila itakurahisishia."

Akaiweka, akaingia kwa akaunti ya zamani ya marehemu. Programu ikauliza: ibaki na mji ulio kwenye kompyuta au ulio kwenye akaunti? Fasta akabonyeza kabla mwenzake hajavaa miwani.

Mji ukafunguka. Vibanda vinne na njia ya vumbi. Daraja halipo. Hospitali waliyoijenga mume akiwa hawezi tena kuinuka, nayo haipo.

"Huu ni wa kabla hajaugua," mjane alisema.

Fasta alitafuta kila folda, jasho likimtoka. Mji wa zamani wa kwenye akaunti ulikuwa umefuta ule mpya wa kwenye kompyuta.

"Nisamehe, shemeji."

"Najua hukukusudia. Nenda nyumbani."

Asubuhi mjane aliiondoa ile programu, akachomoa waya wa intaneti na kuliweka gemu upya kutoka kwenye diski. Lilifunguka bila kumuuliza kitu, lakini kwenye vibanda vilevile vinne. Akaweka hospitali kando ya mto, akaiondoa. Mmoja wao alisema wagonjwa wangependa kuona maji. Ni mumewe, au ni yeye? Hilo ndilo lililomliza.

Fasta aliporudi jioni, alisimama mlangoni kama mgeni.

"Kaa," shemeji yake alimwambia. "Uliwahi kuuona mji wetu. Daraja lilikuwa wapi?"

"Karibu na ilipokuwa shule. Nadhani."

Mjane hakumwamini. Hata hivyo alilijenga pale alipotaja, kisha akamsogezea kiti.