Majina Kumi na Moja ya Chesang

Mimi Wekoye wa Chwele, karani na mkalimani, nawaambia ukweli: nchi ile ya chini, kaskazini mwa Kitale, ilinichosha mpaka nikayakasirikia hata mawe. Kwetu Bungoma macho yanajua pa kutua: migomba, mto, moshi wa jirani. Kule ni vumbi, miiba, halafu vumbi tena. Mwaka huo wa 1938 Bwana Harlow, mpima ardhi, alikuwa anachora ramani, na tuliambiwa wazi: mahali penye maji na jina pataachiwa wenyewe. Patupu atapewa mzungu wa kufuga ng'ombe.

Wenyeji walimtoa mama mmoja, Chesang, atutajie majina. Lugha yake naisikia kidogo kwa sababu mama yangu ni mtu wa Mlima Elgon.

"Mama, maji yako wapi?" nikamwuliza.

"Nitafika," akasema, akaanza kuimba.

Ati kuimba! Jua la saa sita, tumbo linanguruma, na yeye anaimba. "Geuza Shingo," akaonyesha jiwe. Hapo njia inapinda. "Mgunga wa Mkwe." Mti huo haukatwi, maana maganda yake ndiyo yanayolisha mbuzi wakati wa kiangazi. "Mama Amechoka." Hapo mwenye mimba anapumzishwa, kwa sababu mbele hakuna kivuli. Kila jina ni mstari wa wimbo, na kila mstari ni kipande cha njia. Niliusikia utamu wake, sikatai. Lakini Harlow alikuwa anaangalia saa yake, na wa kukemewa ni mimi.

"Ruka, mama. Taja kisima tu."

"Kisima hakitajwi peke yake. Ukikitaja bila njia, umemtuma mtu akafe kwa kiu."

"Majina yako mangapi?"

"Kumi na moja."

Kumi na moja, jamani! Alipofika la tano nikafunga daftari. "Inatosha, mama." Nikamwambia bwana kwamba zilizobaki ni nyimbo za wanawake tu. Akacheka, tukarudi garini tukala.

Miezi minne baadaye Chesang akafika ofisini Kitale, miguu imepasuka, ametembea siku tatu. Vigingi vya mzungu vilikuwa vimepigwa kuzunguka kisima chao, na ng'ombe wao wanafukuzwa. Bwana mkubwa wa ofisi akakunjua ramani mezani. Majina matano, halafu karatasi nyeupe tupu.

"Karani," akaniuliza kwa Kiingereza, "siku ile mama huyu alitaja kisima?"

Nikisema nilimkatiza, kazi imekwenda, na watoto wangu wanne wanakula kwa kazi hiyo. Mpumbavu mimi! Kusikiliza kidogo tu kulinishinda, mtu ninayelipwa kusikiliza.

"Hapana, bwana," nikajibu. Wala haikuwa uongo.

Akakunja ramani.

Chesang hakujua Kiingereza. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama."

"Asante, mwanangu," akasema, akaenda kuketi pale mlangoni angoje jibu.