Kabati la Mukau

Jumanne moja ya mwezi wa nne, kama saa tatu asubuhi, Njura alifungua kabati la binti yake ili atoe blanketi la kuanika juani. Akakuta magauni saba marefu yametundikwa, pamoja na koti jeupe la mwanamume na jozi nne za viatu. Alitoa blanketi, akaliweka begani, akafunga mlango polepole kwa sababu bawaba ya juu ilikuwa inalia. Kisha akaenda kutafuta mafuta ya bawaba.

Njura ni fundi seremala wa Ishiara. Kabati lile alilitengeneza mwenyewe mwaka jana, Carol alipomaliza kozi ya hoteli huko Embu mjini. Mbao zake ni za mukau, mti wa huku Mbeere ambao mchwa wakiuonja hughairi. Lina milango miwili, rafu tatu, droo mbili na fimbo ya kutundikia, na ni kubwa kupita kiasi. Gichovi, mshonaji ambaye cherehani yake iko kibaraza cha pili, aliuliza kama msichana anaolewa na wanaume wawili. Njura alimjibu kwamba kabati hutengenezewa nguo zinazokuja, si zilizoko. Tangu mwezi wa tisa halikuwa na kitu ila lile blanketi, maana Carol alikuwa amepata kazi Meru.

Kesho yake magauni matano hayakuwapo, na mengine kumi na moja yalikuwa yamefika. Kufikia Alhamisi Njura alikuwa ameshaelewa utaratibu wao. Nguo za kumetameta zilikuja asubuhi na kuondoka saa za chakula cha jioni. Makoti mazito ya baridi yalikaa tu, kama wapangaji wa siku nyingi. Koti jeupe halikutoka kamwe. Zote zilinuka chumvi na sabuni isiyouzwa Ishiara.

Alimwita Gichovi aje azione, jinsi mtu anavyomwita mwenzake aje aone ng'ombe. Gichovi alipindua mapindo, akavuta bitana, akahesabu mishono kwa ukucha.

"Hii ni kazi ya mtu," alisema. "Ni za nani?"

"Za wageni wa Carol."

"Basi hiyo hoteli ya Meru ina watu." Akalitazama koti jeupe tena. "Hii naweza kuvaa Jumapili kanisani, halafu nirudishe?"

Alilivaa, akakaa benchi la mbele, akalirudisha saa nane likiwa na njugu karanga mfukoni. Njura alipokuwa akizitoa zile njugu ndipo akapata kadi. Ilikuwa na picha ya meli nyeupe yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Embu. Ilieleza kwa Kiingereza kwamba safari ni ya siku mia moja na arobaini, ikaonyesha kabini ilivyo ndani, na chini kabisa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba mhudumu wa kabini hii ni Carol, kutoka Kenya. Herufi C ilikuwa na mkia, kama ile ya madaftari yake ya shule ya msingi.

Njura aliitazama kwanza picha ya kabini, kwa jicho la fundi. Kulikuwa na vitanda viwili, dirisha la mviringo, na kabati ambalo upana wake haukufika futi mbili. Aliyelitengeneza alifikiria meli, hakufikiria suruali. Watu wawili wanaosafiri siku mia moja na arobaini, wakipita kwenye joto na kwenye barafu, nguo zao haziwezi kutosha hapo. Alishangaa kidogo kwamba fundi aliyesoma anaweza kukosea hivyo. Baada ya hapo ndipo akakaa kwenye droo iliyovutwa nje, akaisoma kadi tena.

Meru ina mito, ina miraa, ina ukungu wa asubuhi. Bahari haina.

Siku ile Carol alipopiga simu kuhusu kazi, Njura alikuwa anapiga mbao randa ya umeme. Carol alisema amepata kazi ya meli. Sasa, ulimi wa Mbeere na herufi l havijawahi kuelewana. Meli kwetu ni meri hata kwa aliyekaa darasani miaka kumi na minne, na randa ikiwa inanguruma, meri na Meru ni mtu na nduguye. Njura alisikia Meru. Alizima randa akasema, "Meru ni karibu, mama. Mungu ni mwema." Alimwita mama kwa sababu Carol ndiye aliyepewa jina la mamake Njura, Igoki, na mtu hamwiti mamake kwa jina. Upande wa pili kukawa kimya. Halafu Carol akasema, "Ndio, baba."

Kimya kile Njura alikisikia. Alikisikia vizuri kabisa, kwa sababu randa ilikuwa imezimwa.

Ni kwamba mwaka uliotangulia binti wa Ndwiga alikuwa amekwenda kufanya kazi za nyumbani nchi za nje na kurudi kwenye sanduku lililopigiliwa misumari. Njura ndiye aliyeitwa kuling'oa misumari, maana ndiye mwenye vyombo. Alipomaliza alisimama mbele ya waombolezaji na kusema kwamba mtoto wake atakayevuka mpaka kutafuta kazi, atafute na baba mwingine huko huko. Ni maneno ya matanga, watu husema mengi matangani. Lakini Carol alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, na chai haikumwagika hata tone.

Kwa hiyo wakakubaliana bila kukubaliana kwamba ni Meru. Njura alimnunulia sweta ya rangi ya damu ya mzee, mpya ya duka wala si mtumba, kwa sababu Meru ni baridi na mtoto wa Ishiara amezoea jua. Gichovi akaitarizi herufi C kwenye kola kwa uzi wa njano. Carol aliikumbatia sweta ile kwa muda mrefu kuliko sweta inavyohitaji.

Mwezi wa pili, baada ya kuvuna, Njura alibeba ndengu nusu gunia hadi soko la Gakoromone, mjini Meru, akampigia simu binti yake akiwa katikati ya wauza kabichi. Aliyekuja si Carol. Ni Ann, rafiki yake wa chuo, anayeuza vyombo vya plastiki pale pale mjini. Ann alisema Carol yuko shifti, haruhusiwi kutoka. Aliyasema hayo akiziangalia ndengu. Njura angeweza kumwambia ampeleke hadi langoni mwa hoteli, na angeujua ukweli kabla ya saa sita mchana. Alimwachia gunia, akamshukuru, akarudi Ishiara. Hilo ndilo lililomkaa rohoni sasa kuliko kadi yenyewe, kwamba alikwenda hadi Meru kuhakikisha hajui.

Jumapili hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, Carol alipiga, kama kawaida yake.

"Kazi iko aje huko Meru?" Njura akauliza.

"Iko sawa, baba. Ni vile wageni wamekuja na nguo mingi na rumu ni ndogo. Wenzangu wanasumbuliwa kila asubuhi, hakuna pa kuweka. Lakini kabati za upande wangu zinameza tu. Hata supavaiza hajui ni kwa nini."

"Labda zilitengenezwa vizuri."

"Labda," Carol akacheka. "Anasema nikiendelea hivi wataniongezea kontrakti. Miezi tisa ingine."

"Na wasipokuongezea?"

"Nakuja nyumbani mwezi wa sita."

Njura alikaa na mwezi wa sita kifuani usiku kucha. Jumatatu asubuhi, nguo za kumetameta zilipokuwa bado hazijafika, alifunga kabati kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni. Kitasa alikuwa amekiweka mwenyewe na hakikuwa na utani. Mnamo saa nne kulisikika mchakacho nyuma ya milango, kama kuku waliofungiwa nje. Ukaendelea hadi adhuhuri, ukaacha. Jumanne ukaja tena, mfupi zaidi. Jumatano Gichovi alipita kuuliza habari za koti, akaambiwa limefungiwa, akasema ni vizuri, siku hizi wezi ni wengi.

Alhamisi simu ikalia, na Alhamisi haikuwa siku ya Carol.

"Baba, kabati zimekataa," alisema. "Nguo ziko kitandani, ziko chini, ziko bafu. Wageni wameandika malalamiko. Kuna mama mmoja mzee anasafiri na nguo za bwanake, na bwanake alikufa. Anataka koti lake jeupe, hataki lingine, na halionekani. Anafungua kabati na kufunga, anafungua na kufunga. Supavaiza amesema watanirudisha."

"Watakurudisha wapi?"

"Nyumbani," alisema.

Neno hilo ndilo Njura alilokuwa akilitaka, na sasa lilikuwa mkononi mwake, pamoja na ufunguo. Alikuwa na maneno mengine pia, ambayo alikuwa ameyaandaa tangu siku ya kadi. Najua ni meli. Sikukasirika. Mimi ni baba yako hata majini. Hayakuwa mengi, yangeisha kabla ya salio la simu. Lakini Carol alikuwa akilia kwa sauti ya chini, kama mtu anayelia mahali ambapo haruhusiwi kulia, na Njura akaona kwamba akiyasema wakati huu yatakuwa ni ya mtu aliyeshinda. Aliogopa hivyo. Au aliogopa tu. Watu wazima huogopa na kuipa hofu jina zuri.

"Mbao hufura, mama," akasema. "Hasa kukiwa na unyevu. Ngoja hadi kesho."

"Unyevu huku uko mwingi," alisema Carol. "Meru kunanyesha."

"Ndio hivyo."

Alifungua kabati kabla simu haijapoa. Nguo ziliingia kwa pamoja, zikimsukuma kifuani, na ikambidi arudi nyuma hatua mbili. Koti jeupe lilikuwa pale pale alipoliacha. Alilipangusa mabega kwa kiganja, akalivuta hadi mwisho wa fimbo palipo karibu na mkono wa mtu, na saa sita lilikuwa limeondoka. Lilirudi jioni likiwa na unyevu kwenye kola, wa machozi au wa bahari, Njura hakulinusa kujua.

Juma lililofuata aliongeza rafu mbili na fimbo ya pili. Ilikuwa kazi safi, hata yeye alijua. Gichovi alipoona, alisema fundi mzuri hajijui, na Njura akasema huyu anajijua, tena sana, na hapo ndipo tatizo lilipo. Gichovi alidhani ni mzaha akacheka.

Mwezi wa sita Carol alipiga kusema wamemwongezea miezi tisa, na kwamba katika wahudumu wote ni yeye peke yake ambaye wageni wake hawakulalamika tena juu ya kabati. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata cheti. Njura alimpa hongera. Baada ya simu aliketi kibarazani bila kushika chombo. Alijuta kulifunga, akajuta kulifungua, akajuta kulitengeneza kwa mukau. Zaidi ya yote alijuta yale maneno ya matangani, ambayo hakuna mtu Ishiara aliyeyakumbuka tena, hata Ndwiga mwenyewe, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa baharini.

Watu walizoea. Mke wa Gichovi alikuja siku za Ijumaa kupiga pasi magauni yaliyokunjamana, kwa kuwa hapendi kuona kitambaa kizuri kikiteseka. Ikiulizwa Carol yuko wapi, Njura alijibu "yuko Meri," akilimeza lile i la mwisho, na kila mtu akasikia alichozoea kusikia.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, siku ambazo hata Ishiara watu hufunga vifungo vya juu, alifungua kabati jioni kuangalia kama bawaba inahitaji mafuta. Kwenye ile rafu mpya ya chini, kando ya makoti ya wageni, kulikuwa na sweta ya rangi ya damu ya mzee. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kama marehemu mamake Carol alivyokuwa akikunja. Njura aliitoa. Herufi C ya uzi wa njano ilikuwa kwenye kola. Lebo ya duka ilikuwa bado imening'inia kwa kikamba chake, haijakatwa. Huenda huko anakolala wamepangwa wanne na sanduku moja la chuma, akawaza, hakuna pa kuweka sweta ambayo haivaliwi, kwa hiyo ameificha kwenye kabati la wageni ambalo halijai.

Simu ikalia. Ilikuwa saa kumi na mbili.

"Baba."

"Mama. Baridi ya Meru iko aje?"

"Iko kali," alisema Carol. Nyuma yake kitu kikubwa kilikuwa kinanguruma, taratibu, bila kupumzika. "Lakini nimevaa ile sweta yako. Hata saa hii nimeivaa."

Njura aliihamisha sweta kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, ili ashike simu vizuri.

"Vizuri," akasema. "Usiivue."

Walipomaliza kuongea aliikunja mara nne kama alivyoikuta, lebo kwa ndani, akairudisha kwenye rafu.