Ruta Ikiamka, Inamtii Nani?

Kitendawili! Nimemwagiza akatii, akasinzia. Alipoamka akamtii wa jana. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Karatu? Vyema, maana jibu liko huko huko, kwenye chumba cha intaneti cha Obedi, mwaka elfu mbili na tatu.

Bibi Scholastika alikuwa ameteremka kutoka Oldeani na ndizi zake, akapita kumwona mjukuu wake Blandina kazini. Akamkuta ameinamia ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote. Kila asubuhi Blandina alikipanga, kikapangika. Lakini umeme ukikatika na kurudi, kilirudia mpango wa zamani aliouacha fundi wa Arusha ndani ya faili. Kompyuta zote zikakosa mtandao, wateja wakaondoka wakinung'unika.

"Binti," Obedi alisema, "kati yako na faili la yule fundi, nani mkubwa? Leo likikushinda tena namwita fundi mwenyewe. Wewe ukachume kahawa na bibi yako."

"Kahawa ndiyo iliyomsomesha huyu, baba," Bibi akadakia. "Usiitukane."

Blandina akamgeukia bibi yake. "Bibi, kule shambani, nyapara akibadilisha kazi kwa mdomo, halafu mvua ikatutawanya, tukirudi tunafuata lipi?"

"Kengele ikilia tena si mnasoma ubao wa kazi! Ya mdomoni yameshasombwa na mvua. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunamwambia: futa, andika, ndipo tushike vikapu."

Blandina akacheka peke yake. Akapanga upya, kisha akafanya ambalo hakuwahi kulifanya: akauandika mpango wake ndani ya lile faili ambalo ruta hulisoma kila inapowaka.

"Zima umeme, bosi."

Obedi akazima swichi kubwa. Bibi akaishika rozari yake. Umeme ukawashwa; taa za ruta zikapepesa, zikapepesa, zikatulia. Kompyuta zikaamka polepole kama wazee asubuhi ya baridi. Kule kona dereva mmoja wa watalii akapiga meza: "Imefunguka!"

Bibi alijiona ameongezeka kimo. "Huyu nimemlea mimi," akamwambia anayetaka kusikia na asiyetaka.

"Lakini swali langu hujalijibu," Obedi akasema, naye akitabasamu. "Nani mkubwa?"

"Ikiwa macho, bosi, ni mimi. Ikiamka, ni faili. Ila tangu leo, faili linasema maneno yangu."