Nguo ya Mwisho Kuingia Beseni

Niseme mapema kwamba nilikuwa nimechoka, mtu asije akadhani ni kiburi. Mwaka mzima nilimvalia nyeusi mume wangu, Stanislas, na mwaka mzima niliishi katika kiwanja cha mama yake hapa mtaani Katuba, nikiamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, na bado walinitazama kama mgeni. Mjane asiye na mtoto hafukuzwi, anangojewa tu aelewe mwenyewe.

Kwa ukoo wa Stanislas, siku ya kumaliza matanga ndiyo siku ya hukumu. Misa ikiisha, nguo nyeusi zinavuliwa, na watu wa nyumba wanasimama uani mstari mmoja, wamevaa rangi moja. Mjane akiwekwa ndani ya mstari, ni mtoto wa nyumba, hakuna wa kumgusa tena. Akiachwa nje, anajua la kufanya. Nilikuwa nautaka mstari ule kama mgonjwa anavyoutaka usingizi.

Na nani angezipaka rangi nguo hizo? Mimi. Ndiyo kazi yangu tangu usichana, nimefundishwa na shangazi yangu kule Kambove. Wivine, dada mkubwa wa Stanislas, ambaye ndiye aliyeshika mambo yote ya sherehe, alileta mabazin meupe, vitambaa vile vizito vya kung'aa, akayaangusha mlangoni pangu.

"Dorine, tunataka bulu. Bulu moja, ya nguvu. Bantu basione huyu iko hivi, huyu iko vile."

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ya mukono haiwezi kutoka moja kama ya mashini."

"Weye njo fundi. Utajua namna."

Basi nikavifunga vitambaa vifundo vya maua kwa nyuzi za magunia, nikivuta mpaka vidole vikachanika. Nikachota maji, nikawasha makaa, nikapumua mvuke wa soda ile ya kuchanganyia rangi, inayokwangua koo. Bulu hii ina kituko chake: kitambaa kinatoka majini kijani kama matembele, halafu hewa ikikipiga kinageuka bulu mbele ya macho yako. Zamani nilikuwa nafurahi kukitazama. Safari hii nilisikia maumivu ya mgongo tu.

Ukibadilisha maji, bulu nayo inabadilika, kwa hiyo nguo zote lazima zipite katika beseni moja. Ila za kwanza zinakunywa rangi sana, na zinazofuata zinakuta makombo, basi unaongeza poda ya rangi kidogo kidogo ili zilingane. Na shangazi alinipa sheria: mwenye kupaka rangi hutia yake mwisho. Ukitia yako kwanza, umewaibia wenzako. Nikatia ya mama mkwe, ya Wivine, za mashemeji, za watoto wao. Nikabakiza poda ya kutosha nguo yangu.

Ndipo wakafika ndugu kutoka Kilwa, ile ya huku kwetu kando ya ziwa, wamepondwa na barabara, hakuna aliyewatarajia. Wivine akaja na vitambaa vyao.

"Na hizi."

"Poda inabakia ya yangu tu, yaya."

"Sasa, bageni babakie inje?"

Wageni wasibaki nje! Poda yangu nikaitia kwenye nguo zao, maji yakiwa bado na nguvu kidogo, zikatoka nzuri, Mungu anajua. Yangu ikaingia nyuma yao katika maji yasiyo na nguvu, nikaiacha humo mpaka yakapoa. Ilitoka imepauka kama shati la shule lililofuliwa miaka. Poda nyingine ingekuwa bulu nyingine, na kuanza upya sikuwa na mikono.

Siku yenyewe, baada ya misa, mstari ukapangwa. Wivine alipita akinyoosha mabega ya watu. Alipofika kwangu akasimama.

"Njo nini hii? Juu ya nini ya kwako iko mweupe hivi? Unataka bantu baseme ulishatoka kwetu?"

"Poda iliisha."

"Iliisha kwako tu?"

"Kwangu tu. Na unajua juu ya nini."

Alijua, maana aliangalia chini. Lakini mpiga picha alikuwa anangoja, na mashangazi walishaanza kunong'ona.

"Simama kule mwisho na bajirani," akasema polepole. "Photo isiharibike."

Mama mkwe, Mama Mwenze, akamsikia. Akatoka katika nafasi yake, akaanza kufungua fundo la nguo yake kiunoni.

"Dorine, vaa yangu. Miye niko muzee, nani atanifukuza?"

Mlango ulikuwa huo, wazi. Nilichokitamani mwaka mzima kiliwekwa mbele yangu, nikaona sikitaki. Kama mahali pangu katika nyumba ile panaweza kufungwa na kufunguliwa kiunoni, si mahali.

"Hapana, mama. Funga nguo yako," nikamwambia. "Miye nachoka."

Nikaenda mwisho wa ua, nje ya mstari, kwa majirani waliokuja kutazama. Tangu kifo nilikuwa nimelia kama mtu anayefanya kazi, mbele ya watu, kwa sauti inayotakiwa. Pale machozi yalikuja bila kuitwa. Nilimlilia Stanislas mwenyewe, kukoroma kwake na uongo wake mdogo mdogo, si nyumba ya mama yake. Nilipojifuta uso nilikuwa nimeshaamua kwamba mabeseni yangu yataenda nami Kambove.

Picha zikaisha, watu wakakaa. Sauti ya Wivine ikatoka jikoni.

"Dorine! Bukari haiko bado, na bageni bana njala! Kuya!"

Kila mtu akageuka kunitazama. Nikavuta kiti.

"Miye niko na bajirani, yaya. Niko nangoja chakula kama bengine."

Wivine akasimama mlangoni na mwiko mkononi, kisha akarudi ndani. Tulingoja sana. Mwishowe aliniletea sahani yeye mwenyewe, bukari, ugali wa mabonge usioiva sawasawa. Nikanawa mikono, nikala polepole, na hakuna aliyeniambia niinuke.