Kimya cha Likizo ya Agosti

Likizo ya Agosti ilipofika katikati, boma la Obwocha lilikuwa kimya kama boma lenye msiba. Obwocha alikuwa amewavua ng'ombe kengele. Mbwa alifungwa nyuma ya ghala la wimbi, mbali, asije akabweka. Wanawake waliopita na vikapu vya majani chai wakielekea kituoni kuyauza waliombwa washushe sauti, na aliyeuliza sababu alijibiwa kwa mnong'ono, "Machogu anasoma."

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, na upande ule wa Kebirigo hakuna mtoto wa ukoo wao aliyewahi kufika kidato cha nne. Mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba. Obwocha hakujua kusoma, lakini aliapa kwamba kama ni nafasi ya kusoma, mwanawe hataikosa. Alimkataza kugusa jembe. Alimkataza kukama. Kila asubuhi aliweka kigoda chake mahali njia inapoingilia bomani, akakaa pale na fimbo yake kama askari wa zamu.

Mama yake Obwocha, Mong'ina, aliona kitu ambacho mwanawe hakukiona kutoka pale njiani: sahani. Zilikuwa zinarudi zimejaa. Ugali wa wimbi ulirudi umemegwa pembeni tu, kama umeonjwa na kuku, na chinsaga, mboga aliyoipenda mjukuu wake kuliko nyama, ikirudi imeganda.

"Mama, leo hata chai hakunywa," alisema Tryphosa, mkewe Obwocha, akiikumbatia sahani. "Namwita, ananijibu, 'Nasoma.' Sauti yenyewe si yake."

"Baba yake anasemaje?"

"Anasema kichwa kikijaa, tumbo halina nafasi."

Obwocha kila jioni alisimama nyuma ya kibanda cha mwanawe, akaegemeza kiganja kwenye ukuta wa udongo na kuuliza, "Machogu, unasoma?" Ndani sauti ilijibu, "Nasoma, baba." Basi. Zaidi ya hapo asingeweza. Kwa Wagusii mvulana akishatahiriwa na kupewa kibanda chake, baba haingii humo. Ni aibu isiyosemeka. Mama naye huishia mlangoni. Lakini nyanya haimhusu aibu hiyo. Nyanya na mjukuu hutaniana kama mke na mume, na hakuna mlango wa kuwatenga.

Mong'ina akachukua kibuyu cha maziwa lala, akaenda akagonga kwa fundo la fimbo.

"Mume wangu! Umenifungia nje, au umeoa mwingine?"

Akagonga tena.

"Fungua nimwone. Kama ana meno kunizidi, nitaondoka mwenyewe."

Komeo likasogea. Mong'ina aliingia, na mzaha ukamkauka mdomoni. Machogu alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega ikainua shati. Vitabu vilikuwa vimepangwa pembeni, vyote vimefungwa. Kitandani palikuwa na blanketi lililokunjwa na viatu juu yake.

"Unasafiri?" aliuliza taratibu.

"Kesho naenda Kericho, magokoro. Kuchuma majani kwenye mashamba ya Wazungu." Alilitamka neno hilo la nyanya kama alivyolitamka akiwa mdogo. "Usimwambie baba mpaka niwe nimefika."

"Na mtihani?"

Kijana akacheka kicheko kibaya. "Mtihani gani? Ule wa majaribio nilianguka hesabu vibaya sana, mwalimu hakutaka hata kunirudishia karatasi mbele ya wenzangu. Nakaa hapa nakariri ukurasa mzima, nikifumba macho haupo. Nasoma tena, haupo. Kila jioni baba ananiuliza kama nasoma, namdanganya. Nimechoka kumdanganya."

Mong'ina alimpa kibuyu. Hakunywa, lakini alikishika.

"Hakuna wa kukusaidia?"

"Alikuwepo. Okemwa, tunakaa dawati moja. Hesabu kwake ni kama kula ndizi. Tulikubaliana kwamba atakuja wiki ya kwanza tusome pamoja, yeye anifundishe hesabu, mimi nimfundishe historia. Hakuja. Amenitupa, magokoro. Nani anataka kusoma na mjinga?"

Mong'ina aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Wiki ya kwanza. Aliiona tena asubuhi ile akichuma mboga: kijana mrefu mwenye vitabu kwapani, amesimama mbele ya kigoda cha Obwocha, ameinamisha kichwa kwa heshima. Kisha Obwocha akanyoosha fimbo kuelekea barabarani. Yeye mwenyewe alidhani ni mmoja wa wale wapenda mpira, akaendelea na mboga yake.

"Kericho iko pale pale," alisema. "Nipe kesho hii moja. Mke naye ana haki ya kuagwa."

"Moja tu," alisema Machogu.

Mong'ina alimkuta Obwocha njiani, amenyooka kwenye kigoda.

"Obwocha, yule kijana mrefu aliyekuja na vitabu, ulimwambia nini?"

"Wa Keroka? Nilimwambia Machogu hana wakati wa kuzurura. Nikamwambia akirudi nitamfungulia mbwa." Alisema kwa fahari. Kisha akauona uso wa mama yake. "Kwani?"

Mong'ina akamweleza yote, ya sahani, ya Okemwa na ya Kericho. Alimweleza polepole, bila kumlaumu, maana alijua mwanawe ameketi pale kwenye jua na manyunyu kwa mapenzi. Obwocha aliinuka, akaketi, akainuka tena.

"Mama, nimemuua mwanangu kwa mkono wangu."

"Hajafa. Keroka unaijua."

"Niende nikamwombe msamaha mtoto? Mbele ya baba yake?"

Obwocha akatazama kibanda cha mwanawe, akavuta kofia, akaondoka bila hata kuaga nyumbani.

Kesho yake jua lilikuwa linapinda aliporudi, tope mpaka magotini. Alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Machogu."

"Nasoma, baba."

"Husomi." "Okemwa hakukutupa. Alikuja. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilidhani nakulinda."

Mong'ina na Tryphosa walisimama jikoni wameshikana mikono.

"Baba yake amekataa aje tena huku," Obwocha aliendelea kuuambia ukuta. "Anasema mwanawe si fisi wa kufukuzwa mara mbili. Lakini mwenyewe kijana alinisindikiza mpaka mtoni. Akasema uende wewe, mtalala kitanda kimoja. Ile historia imemshinda."

Mlango ukafunguka. Machogu alikuja akasimama mbele ya baba yake, macho mekundu.

"Siku zilizobaki ni chache, baba. Na sijui kitu. Nikienda, huenda nikaanguka vilevile."

Obwocha akajipangusa tope magotini.

"Huenda," alisema. "Twende hata hivyo."

Waliondoka asubuhi iliyofuata, siku ya Ijumaa, wakiwahi kufika kabla ya Sabato kuingia jioni. Obwocha alilitia sanduku la vitabu begani mwake, na Machogu alipotaka kumpokea alimkatalia. Ishmael, jirani yao mwenye ulimi mrefu, akapaza sauti kutoka kwenye migomba yake:

"Wee Obwocha! Siku hizi wewe ndiwe mpagazi wa mtoto?"

"Ndiyo," alijibu Obwocha. "Tupishe, tunachelewa."

Mong'ina aliwatazama mpaka mlimani. Machogu alitangulia, mdomo ukichezacheza kwa hesabu zisizotaka kukaa, akijikwaa na kuendelea. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Keroka. Mambo ya mtihani Mong'ina alimwachia Mungu, kwani yalikuwa makubwa kwake. Aliomba tu mvua isinyeshe kabla vitabu havijafika.