Labda Twende Kesho

Mwaka 1994 Karin, mhandisi kutoka Uswidi, alikuwa ametimiza miezi mitatu Sumbawanga kwenye mradi wa visima. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani kwao. Dereva wake, Kasmir, alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shirika la umma alilolitumikia tangu ujana lilikuwa limeuzwa, naye akaachishwa kwa barua ya mistari minne. Kazi hii ya mradi aliishika kwa mikono miwili.

Asubuhi moja walitakiwa kuteremka Muze, bondeni, na shehena ya mabomba na saruji. Kasmir aliizunguka Landrova ya mradi mara mbili, akainama kwenye gurudumu la nyuma, kisha akaja kusimama mbele ya Karin, macho chini. Vibarua waliopakia mizigo walikuwa wakisikiliza.

"Mama, labda twende kesho."

"Kuna tatizo, Kasmir?"

"Si kubwa sana. Breki ziko kidogo kidogo."

"Kwa hiyo leo tunaweza kwenda?"

Kasmir akakohoa. "Ukisema twende, mama, tutakwenda."

Karin akaona amekubali. Kwao, mfanyakazi anayeona hatari humwambia bosi waziwazi, na bosi hushukuru. Akapanda.

Walipita mashamba ya ulezi katika baridi ya asubuhi mpaka ukingoni, barabara inapoanza kujikunja kushuka bonde la Rukwa. Kwenye kona ya pili Kasmir alikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Akakanyaga tena, na tena. Karin aliuona mguu ule, akaelewa kabla hajaambiwa. Kushoto kulionekana vilele vya miti tu, na chini yake ukungu. Mabomba yalianza kugongana nyuma.

"Shika vizuri," Kasmir alisema, kwa sauti ile ile ya upole.

Akarudisha gia ndogo, injini ikalia. Akaliegemeza gari ubavu kwenye ukuta wa mlima, upande wake mwenyewe. Mawe yalisaga bati, kioo kikapasuka, gari likasimama.

Karin akafungua mlango wa upande wake, akashuka.

"Ulijua," alisema baadaye. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Nilisema kesho." "Mkubwa haambiwi hapana mbele za watu. Na mimi kazi moja nimeshapoteza."

Karin akatambua kwamba mzee huyu alikuwa amemwogopa yeye kuliko mlima.

Tangu hapo alimwita Mzee Kasmir, na kila asubuhi alimwamkia shikamoo. Hakumuuliza tena kama wanaweza kwenda. Alimvuta pembeni, mbali na vibarua, akauliza, "Kwenye gari hili ungempakia mwanao?"

Mara ya kwanza alipoulizwa hivyo, Kasmir aliangalia nyuma kama kuna anayesikia.

"Hapana," akasema.

Akabaki amesimama palepale mpaka alipomwona Karin anakwenda kuwaambia vibarua washushe mizigo.