Gari la Kibla Kimoja

Marehemu mume wangu Khalifa alisomea chuo cha Kurani tu, kwa herufi za Kiarabu, na hata daftari lake la ufundi aliliandika kwa herufi hizo, Kiswahili kitupu. Alipofariki alituachia daftari hilo na gari dogo jekundu la mashindano. Binti yetu Buthaina ndiye aliyeliendesha. Msahafu anausoma vizuri, lakini mwandiko wa baba yake, wa haraka na usio na irabu, ulimshinda.

Gari lile lilikuwa na kasoro. Linavutwa na magurudumu ya mbele, na kona ikiwa kali linakataa kukata. Unazungusha usukani, lenyewe linanyoosha tu. Huko Pongwe, kwenye shamba la zamani la mkonge ambako madereva huzunguka koni mmoja mmoja wakipimwa kwa saa, Innocent wa Nguvumali, dereva mwenzake, alimpigia kelele mbele ya watu:

"Buthaina, gari lako lina kibla kimoja tu!"

"Lako halina hata hicho kimoja, linazunguka kama kuku mwenye ugonjwa wa kideri!"

Watu wakacheka. Kisha mtu mwingine akasema, "Fundi mwenyewe alikuwa anabahatisha, Mungu amrehemu." Hapo Buthaina hakucheka.

Alirudi nyumbani Ngamiani macho mekundu. "Mama, Jumamosi nataka gari la baba likate ile kona ya mwisho. Mara moja tu, waone. Kisha hata likae, basi."

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili darasa la jioni la watu wazima, nikijifunza herufi za shule. Nina miaka hamsini na moja, na kwa Mwalimu Lea mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya wote, nachanganya b na d. Lakini mwandiko wa Khalifa niliujua. Kwa mara ya kwanza mwanangu alihitaji kusomewa na mimi. Nikaswali alasiri, nikamshukuru Mungu kwa rakaa mbili magharibi ilipopita, nikaketi kunakili ukurasa ule kwa herufi za shule.

Khalifa alianza na upepo: uongezwe matairi ya nyuma. Halafu springi, za nyuma ziwe ngumu na za mbele laini, ili nyuma ipate kuteleza kidogo na mbele ishike. Betri nayo ihamie kwenye buti, mbele pawe pepesi. Buthaina alifanya yote hayo wiki nzima. Ijumaa alirudi anacheka. "Mama, linaanza kusikia! Imebaki kona ya mwisho tu. Soma tena, amesema nini?"

Nilimsomea mstari wa mwisho kutoka daftari langu: "Likikataa bado, tua mguu."

"Tua? Yaani nikanyage mafuta? Si litazidi kunyooka?"

"Ndivyo alivyoandika baba yako."

"Una hakika, mama?"

"Mwandiko wa mume wangu nisomewe na nani?"

Hata mvua nikiiona inakuja husema Mungu ndiye ajuaye. Siku ile sikusema.

Jumamosi alikata kona zote za mwanzo vizuri, watu wakaanza kupiga makofi. Kwenye ile ya mwisho gari likaanza kunyooka, nami nikasikia injini ikipanda badala ya kushuka. Lilipita juu ya koni, likaingia mtaroni, likapinduka. Nilitoa shahada kabla sijasimama. Innocent ndiye aliyefika wa kwanza, akamvuta nje huku analia. Buthaina alivunjika mkono. Gari, mafundi walisema, limekwisha, limebaki chuma chakavu.

Hospitali alinigeukia. "Baba alikosea, mama. Kumbe walisema kweli." Alilia, wala si kwa ajili ya mkono.

Jumatatu nilikwenda darasani kwa sababu sikujua pa kwenda. Mwalimu Lea aliandika ubaoni maneno mawili mawili yanayokaribiana. "Mama Buthaina, soma haya."

"Toa," nikasoma. "Tua."

"Tofauti yake?"

Nikafungua daftari langu kwenye ule mstari wa mwisho. Khalifa aliandika te na wau. Kwa herufi zetu za chuoni wau ni moja, o ni hiyo na u ni hiyo, msomaji hujijulia mwenyewe. Herufi za Mwalimu Lea zinataka uchague. Nilichagua peke yangu, nikajiona msomi. Toa mguu. Achia mafuta, uzito uje mbele, matairi yashike. Nilifunga daftari nikaomba ruhusa.

Usiku ule nilisujudu muda mrefu, nikaomba nipewe ulimi wa kusema. Asubuhi nilimkuta Buthaina kitandani, nikamwonyesha mstari wa baba yake, kisha wangu.

"Hakukosea," nikamwambia. "Ni mimi. Aliandika toa."

 Nilingoja anilaumu, maana lawama ningeweza kuibeba. Akafumba macho. Chini ya kanga niliona mguu wake wa kulia ukijiinua polepole, kidogo tu, kama unaoachia kitu.

"Lingekata," akasema.

"Lingekata, mwanangu."